Fito Nyekundu za Verna Tackett

Ijumaa jioni Verna Tackett alifungua mlango wake, mikono ingali inanuka vitunguu vya makao ya wazee anakopikia, akakuta ukuta wa sebuleni umekuwa kipara. Fito zote zilikuwa zimeng'olewa.

Nyumba yake ni treila: iliundwa kiwandani, ikavutwa na lori kwa magurudumu yake kupanda bonde hili, ikakalishwa juu ya matofali. Kuta zake ni mbao za chokaa zenye ngozi ya plastiki, na kila zinapokutana mbili, ufito mwembamba hufunika ungio. Delbert, mumewe, alikuwa akisema nyumba iliyokuja ikitembea haiachi tabia: baridi ikiingia inajikunja, matope ya machipuko yakilainika inainama. Ufito huuacha ukuta ucheze bila kupasuka. Delbert alikufa, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe, na Verna akabaki na nyumba hiyo. Wiki nzima, kila akitoka kazini, alikuwa akiosha kuta zile, akizipiga msasa ziache utelezi, kisha kuzipaka praima, rangi ya msingi, chumba kwa chumba. Sebule ilikuwa ipakwe rangi ya siagi.

Sasa maungio yalikuwa yamejazwa puti, ule udongo laini wa kuzibia nyufa, na binti yake Misty alikuwa juu ya ngazi akilainisha, nywele nyeupe kwa vumbi.

"Nani amekutuma?"

"Mama, usianze. Jumapili wazazi wa Bradley wanakuja kukuona kabla hatujaoana. Hizo fito ndizo zinazotuumbua. Mtu akiingia tu, anajua ni treila."

"Kwani huko nje atakuwa amefumba macho? Magurudumu umeyachimbia wapi?"

"Unaona? Kila kitu kwako mzaha."

"Mimi sicheki, Misty. Fito ziko wapi?"

"Chini ya nyumba."

Verna aliingia chumbani akafunga mlango kwa kishindo hadi sahani zikalia kabatini. Damu ilimchemka usiku kucha. Binti aliyetambaa kwenye sakafu hii, akapikiwa maharage kwenye jiko hili, leo anaitazama nyumba kama kidonda cha kufungwa bendeji wageni wasione.

Asubuhi akaja Orville, mdogo wake Delbert, na jeki zake mbili. Kila mwaka barafu ikishayeyuka huja kuiweka nyumba sawa, na safari hii upande wa jikoni ulikuwa umezama hadi mlango haufungiki. Misty alitoka mbio na kandambili.

"Baba mdogo, ngoja Jumatatu, nakuomba. Puti haijakauka vizuri."

"Puti?" Orville alichungulia ndani, akapiga mluzi. "Nani kaifanya hii? Shemeji, niinue au nisiinue?"

Verna alijua kitakachotokea. Mlango ungeweza kusubiri siku mbili. Ulikwisha kusubiri mwezi.

"Inua, shemeji."

"Mama!"

"Inua."

Orville akalala chini ya nyumba, akapampu jeki. Nyumba ikaguna kama ng'ombe anayelazimishwa kusimama. Halafu ukutani kukasikika kitu kama njiti ya kibiriti inayovunjwa, kisha kingine, na nyufa zikashuka toka darini hadi sakafuni, ungio baada ya ungio, puti ikidondoka kwenye zulia. Misty akakaa chini palepale akalia kwa kwikwi.

Verna alidhani angefurahi. Hakufurahi, na kutofurahi huko kukamzidishia hasira. Akatambaa chini ya nyumba, akazitoa fito zikiwa na matope, akaziosha kwa mpira wa maji, akafungua kopo la rangi nyekundu iliyobaki walipopaka banda la kuku.

"Nyekundu, Mama? Nyekundu kweli?"

"Wasihangaike kuzitafuta."

Akapaka ile rangi ya siagi ukutani, akapigilia fito juu yake, kila msumari kwa pigo ambalo Orville alilisikia akiwa chini, akacheka peke yake. Misty hakushika nyundo. Ila jioni alifagia puti.

Jumapili Bwana na Bibi Whitlow, wazazi wa Bradley, walikaa wima kwenye kochi, sahani mapajani. Bibi Whitlow alitazama ukuta kwa muda.

"Mistari hii inachangamsha. Ni mtindo gani?"

Misty alimtazama mama yake. Verna aliendelea kukata mkate wa mahindi. Nyuma yake mlango wa jikoni sasa ulifungika.

"Si mtindo," Misty alisema, masikio yamemwiva. "Ni treila. Hizo zinafunika maungio."

"Ongeza sauti," Verna alisema bila kugeuka. "Bwana Whitlow hajasikia."

Misty akavuta pumzi, akarudia kwa sauti iliyofika mpaka barazani, akimkazia mama yake macho makali.

Verna akamkatia binti yake kipande chenye ukoko mwingi, akakiweka kwenye sahani yake kwa nguvu kiasi cha kumwaga maharage.