Kubisha Hodi Si Kuingia

Mjukuu wangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu babu yako alilijua hilo, akawa ananicheka. Ilikuwa kijijini Kigwa, miaka ile ya Ujamaa, mavuno yameshaingia ghalani, na jioni tulikuwa tunashindana ngoma na wenzetu wa ng'ambo ya reli.

Manju wetu, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, alikuwa shangazi yangu, Bi Nyamizi. Aliwahi kuwatoa jasho manju wengi, lakini mwaka ule kifua kilimbana, sauti ikabaki ya kunong'ona. Watu walishaanza kusema apumzishwe. Kijiji kilikuwa na kipaza sauti cha mikutano, sanduku la kubeba begani lenye betri ndani, nami nikamwahidi kwamba ataimba nacho. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza redio kwa mjomba mjini Tabora, basi nikajiona fundi kwelikweli.

Nikakiunga kwenye dinamo ya mashine ya kusaga ili betri ijae. Taa yake nyekundu ikawaka kutwa nzima. Asubuhi ya ngoma nakiwasha, kimya! Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema ila wa haraka, akasema betri imekufa. Ya kubadilisha iko mjini, na treni imeshapita.

"Basi Bi Nyamizi akae, aimbe mwingine," akasema.

"Lakini taa iliwaka!" nikang'ang'ana. "Umeme umeingia, nimeuona!"

Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake, anapepeta mtama. Akanitazama kama mtu aliyepakuliwa ugali mbichi, akanong'ona: "Taa imekwambia mgeni kafika. Tangu lini kubisha hodi kukawa kuingia? Nenda kaone kazuiwa wapi."

Nilinuna, sikufichi. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikalifungua sanduku. Kumbe taa imeungwa mwanzoni kabisa, umeme unaiwasha kabla haujaifikia betri. Nikaufuata waya kwa kidole hadi mwisho wake, na hapo nikamkuta mwizi: tindikali ya betri ilivuja, ikaota unga mweupe, ikaula waya ndani kwa ndani. Kwa nje ulikuwa mzima, ukiuvuta unakatika. Betri haikufa, mwanangu, ilikuwa na njaa!

Nikakwangua ule unga, nikapangusa kwa maji ya majivu, nikakausha. Nikaweka waya mpya, nikauunga kwa lehemu, chuma nimekipasha kwenye makaa ya jikoni kwa shangazi. Mashine ikanguruma tena, akina mama wakasaga mahindi yao, na safari hii taa sikuitazama. Nilisubiri hadi alasiri, nikachomoa waya wa dinamo, nikasema kipazani neno moja tu: "Shangazi!" Kuku wa kijiji kizima wakatawanyika. Nilicheka mpaka machozi.

Wenzetu walitangulia kuimba, vijana wenye vifua vya chuma, na waliimba vizuri, haki ya Mungu. Kisha shangazi akakisogeza kipaza mdomoni. Alinong'ona tu, na uwanja mzima ukamsikia:

"Mlisema nimekufa, nami niko mlangoni. Hodi, jamani, hodi?"

"Karibu!" wakaitikia watu wetu. Akarudia, wakaitikia na wa ng'ambo ya reli, wapinzani wetu wale wale, huku wanacheka na kurusha vilemba. Mwenyekiti aliitikia kwa sauti kuliko wote. Ushindi ulikuwa wetu, na mimi nilijiona nimeota mbawa.

Basi mwanangu, usiridhike na taa kuwaka. Ukimfundisha mtoto, ukimsaidia jirani, fuatilia hadi ujue ulichompa kimemfikia. Na ukiona mtu amezimika, usikimbilie kumtafutia wa kumbadilisha; tafuta kwanza njia yake imekatikia wapi.

Mola akufungulie kila mlango utakaobisha, na siku nguvu zitakapokupungua, asikosekane mtu wa kukuitikia: karibu.