Safari Hii Nilijibeba Mwenyewe

Mkenya wa hapa Lanham, Marekani, akikata tiketi ya kwenda nyumbani, habari hufika kanisani kabla yake. Jumapili ile nilikuwa hata sijakaa vizuri, rafiki yangu wa kwaya akanijia na mfuko. Viatu vya mpwa wake, vitamini za baba yake, na makopo ya mafuta ya kujipaka.

"Ni kakitu kadogo tu, dada," akasema. "Hata hutasikia uzito."

Ningeusikia. Nina maumivu ya mwili mzima yasiyopona, na uchovu ambao hauondoki hata nikilala siku nzima. Safari iliyotangulia nilishindwa kusema hapana, nikajaza masanduku mawili ya vitu vya watu. Nilitua Nairobi nikapakiwa garini moja kwa moja hadi Kitale, kwa kuwa kaka yangu alikuwa ameita ukoo mzima. Nikasalimia, nikaombewa, nikala, nikaanguka kitandani. Katika majuma mawili nililala siku tisa, na mama yangu, mwenye miaka themanini, ndiye aliyeniletea uji. Niliona aibu sana. Nilikuwa nimeenda kumpikia chapati.

Nikamrudishia rafiki yangu mfuko. "Safari hii najibeba mwenyewe," nikamwambia.

Alisema nimekuwa Mzungu. Nikamweleza kuhusu ule uji, akaniombea pale pale na kuondoka na mfuko wake.

Nilikuwa nimeapa kwamba mama atakula chapati za mkono wangu, hata iwe moja. Kwa hiyo nilipanga. Juma la mwisho sikuchukua zamu yoyote kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi. Dawa zote nikaziweka kwenye mkoba wa mkononi. Kaka nikamwarifu kwamba nitalala Nairobi siku mbili, na asije mtu kunipokea ila yeye. Alinuna, akauliza watu watasemaje. Nikamjibu waseme, wakichoka watanyamaza.

Kilichoniuma ni kuomba kiti cha magurudumu kwenye uwanja wa ndege. Miaka kumi na miwili mimi ndiye ninayewasukuma wazee kazini. Aliyenisukuma mimi alikuwa mama wa Kihabeshi wa rika langu, na kabla hatujafika kwenye ukaguzi nilikuwa nimeshamkosoa anavyofunga breki. Alicheka. Nilifika mlango wa ndege bado nina nguvu, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu niugue.

Kitale niliingia siku ya tatu, kwa miguu yangu. Mama alinikumbatia huku akichungulia nyuma yangu, akauliza mizigo iko wapi. Nikamwambia hakuna.

Kesho yake asubuhi nilimketisha kwenye kiti chake jikoni, nikamkataza kugusa sufuria. Mimi nikakaa kwenye kigoda na kibao cha chapati mapajani. Nilisukuma tatu nikapumzika, nikasukuma mbili nikapumzika tena. Mikono iliniuma, lakini ilikuwa yangu na ilinitii.

Mama alikula mbili bila haraka. Akajifuta vidole.

"Mwaka ule nilipokea masanduku," akasema. "Leo ndiyo nimepokea mtoto."

Nikavimba kichwa, nikasukuma nyingine.