Tao Lililochukua Mkono wa Baba

Namshukuru Mungu aliyeniachia pumzi hadi uzee huu, na macho ya kuliona bado dirisha la mashariki la kanisa letu. Sifa zote ni zake, maana ninayoyasimulia hayanipi mimi sifa yoyote.

Wamisionari waliolijenga kanisa hilo huku milimani waliondoka baada ya Uhuru, wakaacha ukuta wa mashariki wazi. Aliyebaki akijua kuumaliza ni baba yangu, fundi wa mawe. Alitaka dirisha refu la Kigothi, lenye tao la ncha. Alipoulizwa kwa nini lisiwe la duara, alikutanisha vidole kama anayesali.

"Uzito unashuka huku na huku," alisema, "katikati mwanga unapita. Mtu akiingia, macho yanapanda yenyewe."

Wakati wa Ujamaa tulipandisha mawe kutoka mtoni kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Baba alijenga tao juu ya fremu ya mbao, akaagiza isiguswe mwezi mzima, hadi chokaa ya kati ya mawe ikauke.

Wiki ya pili mwenyekiti wa kijiji alizitaka mbao zile kwa ajili ya ghala.

"Mzee, kule Same chokaa inakauka kwa wiki."

"Same kuna jua, ndugu mwenyekiti. Huku kuna ukungu."

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kusoma Same, katibu wa vijana, napenda kuonekana. Nikasema mbele ya wote, "Baba, hata mimi nimeona. Wiki inatosha."

Mwenyekiti akacheka. "Mwanao amesema. Au huiamini kazi yako? Basi simama chini yake."

"Mwacheni," mwanamke mmoja akadakia, "miguu inamtetemeka."

Watu wakaangua kicheko. Baba alivua kofia, akaenda kusimama chini ya tao, mkono wa kulia juu ya kizingiti cha dirisha. Hakunitazama. Nyundo nilipewa mimi. Niligonga kabari mbili zilizoishikilia fremu, nayo ikashuka.

Tao lilisimama. Makofi yalikuwa yameanza pale jiwe moja la ubavuni, ambalo chokaa yake ilikuwa bado tope, lilipochomoka na kuuponda ule mkono.

Mwenyekiti alitazama juu kwanza. "Si limesimama?" akasema. Mbao zilibebwa siku hiyohiyo.

Baba hakushika tena mwiko. Siku ya kuliweka wakfu dirisha alishukuriwa mwenyekiti, kisha mimi. Nilisimama nikapokea makofi. Baba alikaa chini ya dirisha lake. Mchungaji aliposema tuombe, aliinua mikono, na vidole havikukutana.

Pengo la lile jiwe lilizibwa na fundi mwingine kwa saruji, na doa lake halijafutika. Kila Jumapili nikiingia, macho yanapanda yenyewe, kama alivyosema, na yanaanzia hapo. Mungu amenivumilia miaka mingi chini ya doa hilo.

Wewe unayesoma, Bwana akulinde na ulimi wako mbele ya watu, na akujalie mikono mizima ya kumwomba.