Bi Pua na Kikombe cha Maji

Kwenye kiwanda cha kuyeyusha plastiki kuukuu walimwita Bi Pua, naye aliitika kwa madaha kama mtu aliyepewa cheo. Kibao cha mlangoni, chenye jani la kijani, kilisema kuwa hapo dunia inaokolewa. Mapafu hayakutajwa, huenda nafasi haikutosha.

Kazi yake ilikuwa kutambua plastiki. Kipande kikizua ubishi, alikiunguza ncha kwa kiberiti, akavuta moshi, akatoa hukumu. "Hiki kinanuka mshumaa, tia kwenye pipa la plastiki za ndoo." "Hiki kinakwaruza koo, tupa nje." Plastiki zisizopatana zikiyeyushwa pamoja, mzigo mzima huharibika, kwa hiyo hata msimamizi alimsubiri yeye. Pua hiyo ilimpa kiti chenye mto kwenye kichwa cha meza, wenzake wakisimama kutwa. Ilimpa na kikohozi pia, ila hicho alisingizia vumbi.

Daktari akamwambia aachane na moshi. Msimamizi naye akaleta beseni la maji: kinachoelea huku, kinachozama kule, hakuna kuchoma tena.

"Beseni!" Bi Pua alicheka mpaka akakohoa. "Tumekuja kuchambua plastiki au kufua?" Beseni likasukumwa pembeni, uchomaji ukaendelea.

Asichomwambia mtu ni kwamba pua yenyewe ilishakufa. Tangu mvua zilizopita hakusikia harufu ya moshi, wala ya sabuni, wala ya soksi za mumewe, na hizo soksi ndizo zilizomwondolea shaka. Akaona kiti kinamponyoka. Basi akawa anaficha kikombe cha maji chini ya meza. Kipande alikidondosha humo kwanza, akachungulia, akakifuta, kisha akakichoma mbele za watu na kunusa kwa mbwembwe zote.

Siku moja ya joto kali, wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya kazi ubavuni pake, alishikwa na kiu. Akainama, akakichukua kikombe, akapiga funda. Akatema kifuniko cha chupa.

"Wifi! Siku hizi unakunywa vifuniko?"

Meza nzima ikageuka. Bi Pua alitafuta uongo, akaukosa.

"Ndimo ninamopimia," alisema. "Pua imegoma zamani."

"Na moshi wote huo unaotupulizia usoni?"

"Huo ni wa heshima tu."

"Heshima ya nani, ya mapafu yetu? Jamani, kaka yangu kaoa mwigizaji!"

Kicheko kikazagaa mpaka kikamfikia msimamizi, naye akaja, akasimuliwa, akajifuta machozi. "Haya," akasema, "sasa beseni atalisimamia nani?"

Hakupata muda wa kungoja jibu. Bi Pua alishamtia kiberiti mkononi, akabeba kiti, mto na yote, akakitua kando ya beseni na kukikalia.

"Kuna mwingine mwenye uzoefu?" aliuliza. "Mimi nimefanya majaribio kwa siri, kwa faida yenu."

Wifi akamrushia kipande. Bi Pua akakidondosha majini, akakunja uso kama hakimu. Kikazama.

"Nilijua," alisema.