Upinde wa Darini

Donat alikuwa mtu wa Bukavu, na kazi yake Brussels ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli katika kiwanda kimoja cha kufulia nguo katika mtaa wa Forest. Mashine zilinguruma kutwa, kwa hiyo hakuna aliyezungumza na mwenzake. Jioni alipanda tramu kurudi Auderghem, alikopanga chumba cha darini katika nyumba ya mjane wa Kibelgiji, Madame Lucienne. Paa lilikuwa la zinki, na dirisha lilikuwa moja tu, limetoboliwa paani juu ya kitanda. Wakati wa baridi Donat aliuona mvuke wa pumzi yake. Wakati wa joto alilala sakafuni, juu ya shuka aliloliloweka maji.

Vita vilipoingia Bukavu mwaka tisini na sita, simu za dada yake Alphonsine zilikoma. Donat hakuwa na ndugu mwingine. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, alikwenda barabara ya Chaussée de Wavre kwenye duka la vyakula la Mathilde, kwa sababu watu wa Kivu waliofika karibuni walikuwa hawakosi kupita pale. Aliuliza, na Mathilde alimjibu yaleyale huku akimfungia unga wa muhogo.

“Papa Donat, bado. Batu benye banatoka kule banasema quartier yote, mutaa muzima, ilikimbia. Alors, tunangoya.”

Kule darini, kwenye msumari karibu na dirisha, palikuwa na upinde wa kuwindia, wa aina ya kisasa, wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake mbili. Ulikuwa wa marehemu mume wa Madame Lucienne. Aliwahi kwenda nao Kanada kuwinda, maana Ubelgiji haikuruhusu mtu kuwinda kwa upinde. Hapa nyumbani aliutumia kulenga shabaha tu, kwenye klabu iliyokuwa kando ya msitu. Mwaka tisini na saba, baridi ilipoanza kupungua, Madame alimwona Donat akiufuta vumbi jikoni, alikoushusha. Alimwambia auchukue, aende nao kule klabu, kuliko kukaa chumbani Jumamosi nzima.

Akaenda. Jean-Marie, fundi wa pinde wa klabu ile, alimfundisha kusimama, kuvuta ugwe hadi shavuni na kuuachia bila kushtuka. Lakini kilichomvutia Donat zaidi kilikuwa kingine. Pale watu walisimama mstari mmoja, bega kwa bega, kila mmoja kimya akitazama shabaha yake. Ukimya wa Donat haukuwa kitu cha kuulizwa. Alirudi kila Jumamosi, na alipofika nyumbani aliutundika upinde kwenye msumari uleule, kwa heshima, kwa kuwa ndipo marehemu alipouweka.

Agosti ya mwaka ule ilikuwa ya moto. Jua liliingia kwa lile dirisha la paani tangu mchana mpaka jioni. Donat alipotoka kazini aliukuta upinde umepata joto kama mpini wa kikaango. Mishale yake ilianza kuanguka chini ya shabaha. Akadhani ni mikono yake iliyochoka na pasi. Mara akasikia mlio mdogo alipovuta, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Alitaka kumuuliza Jean-Marie. Lakini kuuliza kulitaka kuanzisha mazungumzo, na hayo alikuwa ameyapotezea mazoea. Akaendelea kulenga.

Jumamosi moja alivuta ugwe mpaka mwisho, na mkono wa juu wa upinde, yaani nusu yake ya juu inayopinda, ukapasuka. Ugwe ulimchapa usoni, kipande kikamchana juu ya jicho. Alijikuta amepiga magoti kwenye majani, damu ikimtiririka mpaka kidevuni, na watu wote wakiwa wameshusha pinde zao.

Jean-Marie alimfunga kitambaa, kisha akaokota vipande. Alimwonyesha kwamba mkono ule ulikuwa tabaka nyembamba za mbao na nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi, na kwamba tabaka zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

“Uliuweka wapi?” aliuliza.

“Chumbani kwangu.”

“Basi chumba chako ni tanuri. Upinde wa namna hii haupumziki hata ukiwa ukutani, mikono yake imepindwa wakati wote. Gundi ikilegezwa na joto, ndiyo haya.”

Hospitalini walimshona. Muuguzi aliuliza wampigie nani simu aje kumchukua. Donat alifikiri, kisha akasema hakuna mtu.

Alirudi kwa tramu, upinde ukiwa ndani ya mfuko. Njia nzima aliwaza kwamba atafukuzwa. Madame Lucienne alikuwa jikoni. Donat alimweleza yote bila kujitetea, hata maneno ya fundi juu ya tanuri. Madame aliupapasa mkono uliopasuka, machozi yakamtoka, akaenda kujifungia chumbani kwake.

Kesho yake mchana alipanda ngazi hadi darini, polepole, akishika ukuta. Alikuwa hajafika huko tangu Donat ahamie. Alisimama chini ya lile dirisha mpaka jasho likamlowesha shingo.

“Umelala humu miaka mitatu?”

“Ndiyo, madame.”

“Na hukusema?”

“Nilidhani ndivyo vyumba vya juu vilivyo.”

Madame alikaa kitandani. Alisema kwamba aliujali upinde kiasi cha kuulilia usiku kucha, na kumbe mtu alikuwa akilala kando ya upinde huo, katika joto lilelile. Wiki ileile alimhamishia Donat chini, kwenye chumba ambacho mumewe alikuwa akiwekea vitabu vyake.

Mkono mpya wa kuutengeneza upinde ule haukupatikana. Ulikuwa wa aina isiyotengenezwa tena. Donat aliendelea kwenda klabu na upinde wa mbao wa kuazimwa. Habari za Alphonsine hazikuja mwaka ule, wala uliofuata. Yeye na Madame walianza kula supu pamoja Jumapili jioni, mara nyingi bila maneno mengi, redio ikiwa imewashwa.

Mwaka tisini na tisa mpwa wa Madame aliiuza nyumba, akampeleka shangazi yake kwenye makao ya wazee huko Namur. Donat alihamia Forest, karibu na kiwanda. Mara moja moja hupanda treni kwenda kumtembelea. Siku hizi Madame humchanganya na mumewe, humuuliza kama Kanada kulikuwa na baridi. Donat huvuta kiti karibu, humjibu kwamba theluji ilikuwa nyingi, lakini alivaa vizuri.