Choo Kilichoziba Nikiwa Kwenye Eda

Waliokiziba choo changu ni watu wawili: wifi yangu na kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu. Nawataja hapa mwanzo ili msomaji asihangaike kutafuta mchawi. Majina yao siandiki. Kibiti inawajua, na wenyewe wanajijua. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini siku ile naikumbuka yote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mwenye nguvu anauza anachoweza. Mume wangu alinunua boriti za mikoko kwa wakataji wa Kiongoroni, kwetu nilikozaliwa, akazishusha Nyamisati na kuzipakia lori. Kwa boriti hizo tukajenga nyumba ya vyumba vinane hapa Kibiti. Mchanga nilibeba mimi. Maji ya kufyatulia matofali nilibeba mimi. Mwisho akaleta kutoka Dar es Salaam sinki jeupe la choo cha kuchuchumaa, mabomba yake na fundi wa kulitega. Mtaa mzima ulikuwa wa vyoo vya shimo, kwa hiyo watu walikuja kutazama. Walimwaga kopo la maji, wakasikiliza linavyoshuka, wakacheka. Mume wangu aliwapa wote sharti moja: humu yanaingia maji na kilichotoka tumboni, basi. Gunzi hapana, jani hapana, majivu hapana. Choo cha shimo unakimwagia majivu kuua harufu, lakini hiki ukikimwagia yanaganda kwenye kona ya bomba.

Homa ya siku tatu ikamchukua. Hatukujaliwa mtoto. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonana na wanaume wa kando. Ukoo ukamleta wifi yangu akae nami. Kwa maneno yao, anisaidie. Ukweli, anichunge. Shemeji yangu alikuwa na neno moja tangu matanga hayajaisha: nyumba ni ya ukoo, mjane asiye na mtoto hana la kukaa. Nami nilijua wanachosubiri. Nikivuka kizingiti kabla eda haijaisha, watasema nimeivunja na nyumba nimeiacha mwenyewe, na kufuli litabadilishwa siku hiyo hiyo.

Mwezi wa pili wa eda, alfajiri moja, nikamwaga maji ya kutawadha, yakapanda badala ya kushuka. Yakajaa mpaka ukingoni, yakatulia, yananitazama.

"Wifi, choo kimeharibika," akasema wifi yangu nyuma yangu. Hata hakusogea kuchungulia. "Na fundi mwanamume haingii humu, una eda. Basi tena."

Nilichota uchafu kwa kopo mpaka ndoo ikajaa, nikaufukia nyuma ya mgomba, ndani ya ua. Harufu ilikuwa ya kumtoa mtu roho, na udi siruhusiwi. Nilikuwa nanawa mikono niliposikia gari mlangoni, kisha hodi. Shemeji. Nikakaa nyuma ya pazia, yeye barazani.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja na pikapu nikuchukue. Mtu wa eda hawezi kukaa nyumba isiyo na choo. Ukamalizie kwa mama, shamba."

"Nani kakwambia hakuna choo?"

"Si dada yangu ndiye kaniambia."

"Dada yako tangu jana hajatia mguu nje."

"Basi harufu. Nimesikia harufu."

"Umeisikia kutoka kwako Ikwiriri?"

Jirani yangu, mama muuza maandazi, alikuwa kwenye mafuta yake upande wa pili wa ua. Akapasuka kicheko. "Jamani, pua hiyo isipotee bure! Ipelekeni Mloka ikanuse tembo kabla hawajaingia mashambani!"

Shemeji yangu akaghadhibika. "Nakupa mpaka alasiri. Nitarudi na wazee wawili wa ukoo. Wakikuta choo hakifanyi kazi, unapanda gari. Wameshakubali."

Akaondoka. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika. Choo kimeziba alfajiri, na mtu ametoka Ikwiriri na gari la kukodi kabla jua halijachomoza vizuri. Aliondoka kwake akijua atakachokikuta.

Nikafunga kibwebwe.

Nilianza na matambara. Nikayafunga kwenye ncha ya ufito, donge la kutosha tundu la sinki, nikaanza kusukuma na kuvuta. Yakapanda maji ya kijivu. Majivu. Wifi yangu kasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mwenye eda hachokonoi vyoo, wifi. Haramu."

"Hiyo umeisoma chuo gani?"

"Mimi nakwambia kwa wema. Yale majivu mimi nilidhani yanasaidia, kama kwenye shimo."

Dada huyu alikuwa mhudumu wa zahanati. Vyoo vya namna hii alivisugua kila siku ya kazi, mwaka wa sita ule. Nikamwambia, "Kule kazini nako unamwaga majivu?" Akaenda zake chumbani.

Nikatoka uani, ndani ya ua wetu wa makuti, nikaling'oa kwa mtaimbo zege linalofunika chemba, pale bomba la kutoka chooni linapomwaga. Chemba kavu. Maana yake kizuizi kipo katikati, kati ya sinki na chemba, hatua tatu hivi. Nikaingiza ufito kwa upande ule nikasukuma. Ukagota kitu, kikazidi kukaza. Nikasukuma tena, ufito ukavunjika.

Jua limeshapanda, adhuhuri imeadhiniwa. Nilikaa chini kwenye mchanga, si kwa kukata tamaa, kwa kufikiri. Mimi mtoto wa tope. Kwetu wasichana tunavua kaa wa mikokoni, na kaa akishajibana shimoni humsukumi, kumsukuma ni kumfundisha kushika zaidi. Unapenyeza chuma chenye kulabu pembeni yake, unapapasa mpaka uvuke mgongo wake, unageuza mkono, unavuta. Nilikuwa nafanya hivyo nikiwa na miaka tisa.

Nyuma ya nyumba vilibaki vipande vya nondo nyembamba za ujenzi. Nikapata kirefu, nikakikunja ncha kwa jiwe na mtaimbo. Nikalala kifudifudi kando ya chemba, nguo nyeupe na yote, shavu chini, mkono ndani ya bomba mpaka kwapani. Nikapapasa. Nondo ikateleza juu ya kitu laini, ikapita. Nikageuza. Ikashika. Nikavuta taratibu, maana ukivuta kwa pupa unabaki na gando. Kikaja kidogo, kikagoma, kikaja. Halafu kikachomoka chote na maji ya kijivu yakanipiga usoni.

Lilikuwa gunia. Kipande cha gunia la katani kimeviringwa kama mkate wa mofa, kimefungwa kamba, ndani majivu yaliyoshindiliwa. Majivu yanaweza kuwa ujinga. Fundo halifungwi kwa ujinga.

"Umekitoa?" jirani akaita.

"Nimekitoa!"

"Mwanamke wewe!" Akanirushia ndoo juu ya ua nichotee.

Nikaoga, nikabadili nguo, nikaswali. Walipokuja alasiri, shemeji na wazee wake wawili, mimi nipo nyuma ya pazia nimetulia. Gunia lipo barazani, limeanikwa juani, fundo lake halijafunguliwa. Hakuna aliyeuliza ni la nini. Mzee mmoja, mkubwa zaidi, alikuwa ametikiswa sana na pikapu. Akaomba kopo la maji, akaingia chooni, akakaa kitambo, tukasikia maji yanashuka kwa kishindo chake kile kile. Akatoka anajifuta mikono.

"Choo kizima hiki," akamwambia shemeji yangu. "Sisi tumeitiwa nini?"

Shemeji akaanza, "Asubuhi kilikuwa..."

"Asubuhi ulikuwa Ikwiriri," nikasema nyuma ya pazia.

Mzee akalitazama gunia, akamtazama wifi yangu aliyekuwa anachungulia dirishani, akatema mate. Walipoondoka, wifi yangu aliondoka nao, furushi mapajani.

Eda niliimaliza peke yangu, ndani ya nyumba ile, mpaka siku ya kumi baada ya miezi minne. Mirathi ikasomwa kwenye baraza yangu. Mwalimu wa msikiti akasema wazi, mjane asiye na mtoto ana robo, na hakuna wa kusema niliondoka. Vyumba vinane, robo yake viwili. Ndimo ninamoandikia haya.