Bodi Iliyoingia Sawasawa

Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, na hakuna aliyeona kwamba ameonewa. Alipima kila kitu. Alipima mlango kabla ya kununua kabati, akapima kabati kabla ya kununua sahani, na siku binti yake alipomleta mchumba nyumbani, majirani walitania kwamba mkwe alipimwa mabega asije akakwama koridoni. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Kwa miaka ishirini na sita alizichora katika chumba kimoja cha kupanga, juu ya duka la rangi, chumba chenye meza ya kuchorea, dirisha moja na kompyuta iliyozeeka pamoja naye.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyomponza. Mteja wa siku hizi haridhiki na karatasi. Anataka picha inayotembea, aingie sebuleni, ageuke, apande ngazi, na msingi wenyewe haujachimbwa. Kompyuta ya Mama Futi ikiambiwa ipande ngazi ilinguruma, ikaganda, kisha ikazima. Wateja wakahama mmoja mmoja. Wengi walihamia kwa mwanamke aliyejifunza kazi kwenye meza hiyohiyo ya Mama Futi, na ambaye sasa alikuwa na ofisi ya vioo ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba naye alishasema waziwazi kwamba mwisho wa mwezi chumba kitapata mpangaji mwingine kama mambo ni yaleyale.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya kufa na kupona. Shule moja ilitaka kujenga madarasa manne na maktaba. Mwalimu mkuu, ambaye nyumba yake ilichorwa na Mama Futi zamani, akamwambia alete mchoro siku ya Ijumaa uonwe na kamati. Akaongeza kwamba kamati inataka kuona picha ikitembea. Mama Futi akiipata kazi hiyo, angebaki chumbani mwake. Akiikosa, hakuwa na mbele wala nyuma.

Binti yake alikuwa akitunza wazee katika nchi ya mbali, na alikuwa amemtumia zawadi: prosesa mpya kabisa, toleo la mwaka huu, kidude cha ukubwa wa biskuti ambacho ndicho akili ya kompyuta. Alikinunua kwa zamu za ziada za miezi mitatu, na kila jioni alipiga simu kuuliza kama kimeshawekwa. Kumbe prosesa hiyo haikai kwenye bodi ya zamani. Inataka bodi ya kwake, ule ubao mpana ndani ya kompyuta unaochomekewa kila kitu. Binti hakulijua hilo, na mama hakuwa na moyo wa kumwambia.

Jumatatu asubuhi akaenda kwa muuza vipuri vya kompyuta, kijana mpole asiyepandisha sauti hata akidaiwa chenji mara mbili. Akamwekea bodi mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya bei ghali, na nyuma yake ilikuwa na kitufe: unachomeka flashi, unabonyeza, nayo inajifunza prosesa mpya yenyewe. Ya pili ilikuwa nafuu na haikuwa na kitufe, ila ingepokea vijiti vya memori alivyokuwa navyo. Hata hiyo nafuu aliimudu kwa kukubali kuiacha dukani bodi yake ya zamani pamoja na prosesa yake, zihesabiwe kwenye bei.

"Nitakuuzia, mama, lakini nikuambie ukweli," alisema muuza vipuri. "Hii imekaa hapa mwaka wa pili. Ndani ina programu ndogo ya kuamshia mashine, na hiyo programu ni ya zamani kuliko prosesa yako. Huenda isiitambue."

"Soketi si ileile?"

"Soketi ni ileile."

Basi, hapo aliyesikia alisikia nusu. Mama Futi akatoa mkobani kipimio chake cha chuma, akapima soketi, pale inapokaa prosesa, urefu na upana, akapima prosesa, akapima mpaka matundu ya skrubu. Vipimo vikalingana hadi nusu milimita. Mtu aliyeishi kwa vipimo utamwambia nini tena? Nyumba zake zote zilisimama kwa sababu dirisha lilitosha mahali pake na mlango ukatosha pake.

"Kitu kikiingia, kimeingia, mwanangu," alisema.

Muuza vipuri akamwomba aiache bodi mpaka kesho, aijaribu kwa utulivu. Mama Futi hakuwahi kuacha kazi mikononi mwa mtu. Akabeba vyake akapanda chumbani, na kufikia saa nane mchana alikuwa amefunga kila kitu. Prosesa ilikaa pale bila kulazimishwa, akafurahi kama mtoto. Akabonyeza swichi. Feni ikazunguka, taa ndogo ikawaka, kioo cha kompyuta kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Akachomoa memori, akazirudisha. Feni ilizunguka vizuri sana, na hicho ndicho kilichomtia uchungu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kizima na hakuna kilichofanya kazi.

Jumanne alirudi dukani. Muuza vipuri hakumcheka, hakumkumbusha hata kwamba alimwambia. Alieleza tu kwamba bodi ile haiamki mpaka iwekewe kwanza prosesa ya zamani kidogo ya ukoo uleule, ifundishwe, ndipo mpya irudishwe. Alikuwa nayo moja, akaiuza mwezi uliopita. Kuagiza nyingine ni siku kumi. Na bodi ya zamani ya Mama Futi na prosesa yake je, havirudi, angalau kompyuta iwake kama mwanzo? Vilikuwa vimeondoka asubuhi ileile, vimenunuliwa na mtu mpita njia. Mama Futi akazunguka vibanda vya mtaani kuomba kompyuta ya kuazima, lakini zilikuwa za kuandikia barua, na programu yake ya kuchorea haikufunguka kwenye hata moja.

Akapiga moyo konde. Jumatano na Alhamisi alikaa mezani na penseli, rula na karatasi kubwa ambazo hakuwa amezigusa kwa miaka. Akachora madarasa manne na maktaba kwa mkono, kila tofali mahali pake, mwanga wa asubuhi ukiingia kwenye madirisha ya maktaba na kuangukia rafu. Alijua hakuwahi kuchora kitu kizuri kama kile. Alijua pia kwamba hakitembei.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi wa shule. Mwanamke wa ofisi ya vioo alitangulia. Alimwamkia Mama Futi kwa heshima zote, akainamisha kichwa kabisa, kisha akawasha kompyuta yake, na kamati ikaingia darasani, ikageuka, ikapanda ngazi. Mzee mmoja wa kamati alitaka ipandishwe tena. Zamu ya Mama Futi ilipofika, alikunjua karatasi yake mezani. Wakasogea karibu, mmoja akaligusa dirisha la maktaba kwa kidole. Halafu wakatoka nje kushauriana, na hawakuchukua muda.

Mwalimu mkuu ndiye aliyerudi kumwambia, akiishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Kazi tumempa yule mwingine, mama yangu. Lakini hii wameipenda mno. Wameomba tuiwekee fremu, tuitundike ofisini."

Mama Futi akauliza ukuta wa ofisi una upana gani. Alipotajiwa, akasema itatosha, akaaga.

Jioni alikuwa akipanga rula zake kwenye sanduku simu ilipoita. Binti yake alikuwa anatoka zamu, pumzi juujuu.

"Mama, umeiweka? Imekubali?"

Mama Futi akaitazama kompyuta. Alikuwa ameiacha inawaka, feni ikizunguka mbele ya kioo cheusi.

"Imeingia sawasawa, mwanangu," alisema. "Haikupungua wala kuzidi."

Kule mbali binti akacheka kwa furaha, akasema mwezi huu ataomba zamu nyingine za ziada, anunue na kioo kipya.